Bastola ya Shabaha na Tupa ya Nyumbani: Fundi Anaongeza Nini?

Katika karatasi ya shabaha inayotumika Marekani kwa masafa ya yadi 50, duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 85 hivi, sawa na mdomo wa kikombe cha chai. Mlengaji anasimama mita 45.7 kutoka hapo, mkono mmoja umenyoosha bastola, wa pili uko mfukoni au kwenye mkanda, wala haruhusiwi kuegemea kitu chochote. Mashindano kamili yana risasi 270: 90 kwa bastola ya kaliba .22, 90 kwa bastola ya kaliba .32 au zaidi, na 90 kwa bastola ya .45. Masafa ya yadi 50 hupigwa taratibu, risasi 10 kwa dakika 10. Kisha watu husogea hadi yadi 25, wapige risasi 5 kwa sekunde 20, halafu 5 kwa sekunde 10. Anayepiga zote katikati anapata alama 2,700, na hadi leo hakuna aliyezifikisha.

Kilele cha mchezo huu kwa miaka mingi kimekuwa Camp Perry, ufukweni mwa Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, ambako mashindano ya taifa ya shabaha yalianza kufanyika mwaka 1907. Pembeni yake umekua ufundi wa aina yake. Polisi, makarani, askari wastaafu na walimu wamekuwa wakifunga bastola zao kwenye jiliwa, katika gereji au chumba cha chini ya nyumba, na kuziondolea visehemu vya milimita kwa tupa, jiwe la kunolea na msasa. Wengine walifanya hivyo usiku baada ya kazi, miaka nenda miaka rudi. Je, kazi hiyo yote inaleta alama ngapi kwenye karatasi? Jibu langu ni kwamba inaleta nyingi pale inapoikutanisha bastola na mkono wa mtu, na inaleta chache sana, pengine hata hasara, pale inapokwenda kushindana na kiwanda.

Kabla ya kwenda mbali, lazima tutenganishe mambo mawili. Msomaji wa Tabora au Katavi akisikia habari za silaha iliyofanyiwa kazi nyumbani, kinachomjia kichwani ni gobore: mtutu wa bomba, baruti inayoshindiliwa kwa mdomo, kazi ya mhunzi wa kijijini, na mara nyingi kesi ya ujangili mbele yake. Fundi tunayemzungumzia hapa hatengenezi silaha. Anapokea bastola iliyotoka kiwandani ikiwa na namba yake na kumbukumbu zake, na kazi yake ni kuifanya irudie kitendo kilekile mara 270 bila kubadilika. Hajali kama risasi ina nguvu zaidi au inakwenda mbali zaidi. Katika mchezo huu nguvu ni adui, kwa sababu inautikisa mkono.

Ufundi huu ulizaliwa na bastola moja, M1911, iliyobuniwa na John Browning na kukubaliwa na jeshi la Marekani mwezi Machi 1911. Ilikuwa silaha ya vita, na silaha ya vita inatakiwa ifanye kazi ikiwa na tope, mchanga na kutu, hata kama sehemu zake zimechanganywa kutoka bastola kumi tofauti. Kwa hiyo viwanda viliacha nafasi kati ya sehemu na sehemu. Ukiitikisa, inalia. Nafasi hiyo ndiyo uhai wake vitani, na ndiyo ugonjwa wake kwenye shabaha. Sababu ni hii: katika M1911 mtutu haukukazwa mahali pamoja. Kila risasi inapotoka, mtutu unashuka nyuma, slaidi (chuma cha juu kinachoteleza) inarudi, ganda linaruka, risasi mpya inaingia, kisha mtutu unapanda tena kushikana na slaidi. Vilengeo viko juu ya slaidi. Mtutu ukirudi palepale kila mara, macho na risasi vinakwenda njia moja. Ukirudi pembeni kwa unene wa karatasi tu, mlengaji analenga kimoja na risasi inafuata kingine, naye hana namna ya kujua.

Tiba yake ilikuwa kazi ya mikono. Mafundi waliibana slaidi kwenye reli zake mpaka ikaacha kucheza, wakatengeneza bushi ya mbele inayoukumbatia mtutu wake na si mwingine, wakaongeza chuma pale nyuma ya mtutu kwa kuchomelea na kukipunguza tena taratibu mpaka ukafunga bila pengo. Jeshi lenyewe lilijifunza kutoka kwa ufundi huu, kisha likaufanya rasmi. Mwaka 1956 kikosi cha shabaha cha jeshi la nchi kavu kiliundwa huko Fort Benning, Georgia, kikiwa na karakana yake ya bastola na bunduki za mashindano. Mwaka uliofuata kampuni ya Colt ikatoa Gold Cup, bastola ya kiwandani iliyolenga soko hilohilo. Na kwa upande wa raia alikuwapo Jim Clark wa Louisiana, fundi aliyekuwa pia mlengaji, ambaye mwaka 1958 alitwaa ubingwa wa taifa wa bastola mbele ya askari waliolipwa kufanya mazoezi kila siku. Ushindi wake uliwapa mafundi wa gereji heshima ambayo wameishi nayo mpaka sasa, na ni haki yao. Lakini umewapa pia imani kwamba kila anayejua kushika tupa anaweza kufuata njia ile, na imani hiyo inahitaji kupimwa kwa hesabu.

Tuanze na macho. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele, M1911 ya mashindano ina sentimita 16 na nusu hivi. Gawanya mita 45.7 kwa urefu huo, utapata 277. Maana yake, kilengeo cha mbele kikipotoka kwa milimita 1 tu ukilinganisha na cha nyuma, tundu kwenye karatasi linahama milimita 277, nje kabisa ya sehemu nyeusi, ambayo kutoka katikati hadi ukingoni ina sentimita 10 tu. Kosa la robo milimita linapeleka tundu milimita 69 kando, pembezoni mwa duara la 9. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia kiasi cha kutopotoka robo milimita mara 270.

Sasa tuweke bastola na mtu pamoja. Bastola iliyofungwa kwenye stendi ya chuma, bila mkono, inatawanya matundu kwa kiasi fulani. Mtu naye anatawanya kwa kiasi chake. Vyanzo hivi viwili havijumlishwi moja kwa moja. Unachukua mraba wa kila kimoja, unaijumlisha miraba hiyo, halafu unatafuta kipeuo chake. Chukua mlengaji wa kawaida wa klabu ambaye mkono wake pekee unatawanya milimita 200 kwa yadi 50. Akipewa bastola inayotawanya milimita 100, kundi lake litakuwa kama milimita 224. Mpe bastola iliyofanyiwa kazi ya miezi, inayotawanya milimita 50: litakuwa 206. Mtawanyiko wa bastola umepungua nusu, na mtu amepata milimita 18. Sasa mchukue bingwa ambaye mkono wake unatawanya milimita 80. Kwa bastola ya kwanza atapata 128, kwa ya pili 94. Hapo tofauti ni kubwa, maana milimita 128 zinamwagika nje ya duara la 10, na 94 karibu zinaenea ndani yake.

Hesabu hiyo fupi inaeleza mabishano mengi ya viwanja vya shabaha. Bingwa akisema kazi ya fundi ilibadilisha maisha yake, anasema kweli. Mwanafunzi akimwiga, akatumia mshahara wa miezi mitatu kuibana slaidi, hatapata alichopata bingwa. Tofauti yao ni mazoezi.

Rekodi nazo zinathibitisha hayo. Alama 2,680 kati ya 2,700 zilipigwa na askari wa Marekani Hershel Anderson mwaka 1974. Tangu wakati huo mashine za kukata chuma zinazoongozwa na kompyuta zimeingia viwandani, vilengeo vyenye nukta nyekundu ya umeme vimeruhusiwa katika mchezo ule, risasi zimeboreshwa, na rekodi bado ni yake. Katika bastola ya mita 50 ya kimataifa, Aleksandr Melentyev wa Umoja wa Kisovyeti alipiga 581 kati ya 600 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Ilipita miaka 34 kabla Jin Jong-oh wa Korea Kusini hajapiga 583. Vifaa vilipiga hatua kubwa katika miaka hiyo 34. Alama ziliongezeka mbili.

Kama chuma hakina mengi ya kuongeza, mkono unapata wapi nafuu? Sehemu ya kwanza ni triga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye faida na hatari kwa pamoja.

M1911 tupu ina uzito wa kilo 1.1. Kanuni za mashindano ya Kimarekani ziliweka triga ya bastola ya .45 isiwe nyepesi kuliko ratili 3 na nusu, yaani kilo 1.6 hivi. Maana yake kidole kinavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa bastola yenyewe, tena kwa sekunde ileile ambayo kilengeo kinatakiwa kisitikisike hata robo milimita. Katika kanuni za kimataifa mzigo umepunguzwa: bastola ya mita 25 inatakiwa kubeba gramu 1,000, ya upepo ya mita 10 gramu 500. Bastola ya mita 50, iliyotolewa kwenye Olimpiki baada ya Rio 2016, haikuwa na kima cha chini kabisa, na triga zake ziliachia kwa gramu chache. Mwamuzi hupima kwa njia nyepesi kueleweka: mtutu unaelekezwa juu, uzito unaning'inizwa kwenye triga, bastola inainuliwa taratibu. Nyundo ikianguka kabla uzito haujanyanyuka, bastola haijafaulu kipimo.

Walengaji wenye uzoefu watakuambia kwamba wepesi si jambo la kwanza. Wanachotafuta ni triga inayofika mahali, inasimama, kisha inaachia bila kuburuta, na inafanya hivyohivyo leo na mwezi ujao. Kidole kikijua ukuta uko wapi, akili inabaki kwenye kilengeo. Hilo linategemea nyuso mbili ndogo za chuma, mtaro wa nyundo na ulimi unaoishika, zinazogusana kwa upana usiozidi ukucha wa mtoto mchanga. Nyuso hizo zina ngozi ngumu iliyopatikana kwa kupikwa kwenye joto. Fundi wa nyumbani akipitisha jiwe mara kumi zaidi ya inavyotakiwa, anaimaliza ngozi ile na kufika kwenye chuma laini. Siku ya kwanza triga itakuwa tamu kuliko zote alizowahi kugusa, na utamu huo ndio mtego. Baada ya risasi mia kadhaa chuma laini kinalika, ulimi unashindwa kushika, na siku moja slaidi inafunga na bastola inafyatuka yenyewe, au kidole kinavuta mara moja zinatoka mbili. Kwenye mstari wa wapigaji, ambako watu wako mita moja moja, hilo si jambo la kupoteza alama. Ni jambo la kupoteza mtu. Ndiyo maana kanuni zinaweka kima cha chini, na ndiyo maana nasema waziwazi: kazi ya triga si ya kujifunzia mezani peke yako. Ni ya fundi aliyefunzwa, mwenye vipimo na mwenye leseni.

Sehemu ya pili ni mpini, na hapa fundi wa nyumbani ni mfalme. Kiwanda kinaweza kukata chuma kwa usahihi usiofikiwa na mkono wowote, lakini hakijui kiganja chako. Mpini wa bastola ya mashindano hufanya kazi moja kubwa: mkono ukiushika huku macho yamefumbwa, kisha macho yakafumbuliwa, vilengeo viwe tayari vimekaa sawa. Usipokaa sawa, mpigaji atausahihisha kwa msuli wa kifundo cha mkono, na msuli uliochoka unasahau. Wazungu wa Ulaya walilijua hili mapema kuliko Wamarekani. Jina la Cesare Morini lilianza kuvuma kwa mipini ya mbao kabla halijawa jina la bastola. Jin Jong-oh alishinda dhahabu huko Rio akiwa na Morini nyekundu aliyotengenezewa yeye. Na hata mpini ghali ukinunuliwa, mwenye nao hukaa nao chini: anapaka udongo wa mbao pale penye pengo, anauacha ukauke, anakwangua pale panapobana, anapiga shabaha wiki kadhaa, anarudia. Mbao ya kawaida ni jozi. Wapo wanaopenda mpingo kwa uzito na ugumu wake, mti ambao wachongaji wa kusini mwa Tanzania wanaujua kuliko mtu yeyote duniani. Ukikosea, hujaharibu silaha. Umeharibu kipande cha mti.

Historia inatoa ushahidi mzito kwamba mkono ndio kitovu cha kazi hii. Mikhail Margolin alipofuka akiwa kijana kwa jeraha la vita, na bado akabuni bastola ya shabaha ya .22 inayoitwa kwa jina lake, iliyotumiwa na walengaji wa Kisovyeti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 na baadaye kusambaa dunia nzima. Alifanya kazi kwa mifano ya kufinyanga, akiipapasa kwa vidole. Naye Károly Takács wa Hungaria aliharibiwa mkono wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938. Akajifunza kupiga kwa kushoto, akatwaa dhahabu ya bastola ya kasi London 1948 na tena Helsinki 1952. Sidhani kuna hadithi ya fundi na tupa inayoweza kulinganishwa na hiyo.

Kanuni zinawekea mpini mipaka pia. Katika bastola za mita 10 na 25 za kimataifa mpini haupaswi kushika kifundo cha mkono, na bastola nzima lazima iingie kwenye sanduku la vipimo: milimita 420 kwa 200 kwa 50 kwa ya upepo, 300 kwa 150 kwa 50 kwa ya mita 25. Anayechonga nyumbani apime kabla ya kusafiri, maana sanduku la mwamuzi halina huruma.

Kuhusu risasi nitasema machache. Wamarekani wa .38 na .45 hujaza risasi zao wenyewe nyumbani, kwa kichwa bapa kinachokata tundu safi na baruti kidogo inayopunguza mrusho; ni kazi ya uangalifu, na anayeyeyusha madini ya risasi ndani ya chumba kisicho na hewa anajitia sumu taratibu. Kwa .22 hakuna kujaza. Kuna kujaribu: kampuni kama Eley na Lapua zina viwanja ambako mlengaji hupeleka mtutu wake ukajaribiwa kwa mafungu tofauti ya risasi, akanunua fungu linalokubaliana nao. Ukitafuta milimita kwa bei nafuu, zitafute hapo kabla ya kugusa chuma.

Imebaki sheria, ambayo ndiyo inayoamua kama mchezo huu wa tupa upo au haupo. Nchini Marekani, mwenye silaha halali anaweza kuifanyia kazi yake mwenyewe. Akianza kuwafanyia wengine kama biashara, sheria ya mwaka 1968 inamtaka awe na leseni ya serikali kuu. Uingereza ilichukua njia nyingine baada ya mauaji ya watoto wa shule huko Dunblane mwezi Machi 1996: bastola zilipigwa marufuku mwaka uliofuata, na walengaji wake wengi wakahamia bastola za upepo. Kenya kwa sheria ya silaha ya sura ya 114, na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2015, zinaweka silaha chini ya leseni kali, na raia wa nchi hizi hana nafasi ya kugeuza gereji kuwa karakana ya bastola. Kwa nchi zilizozungukwa na mipaka ambako silaha za magendo zimeua watu wengi, naona ukali huo ni wa haki.

Lakini haumfungii mlengaji wa Afrika Mashariki mlango wa ufundi wenye faida. Bastola ya upepo ya mita 10, iliyosajiliwa kama sheria inavyotaka, hutoka kiwandani na triga inayorekebishwa kwa skrubu na vilengeo vinavyobadilishwa upana. Duara lake la alama 10 ni milimita 11.5. Dunia ilimshangaa Mturuki Yusuf Dikeç akipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mkono mfukoni na miwani ya kawaida usoni, ikasahau kwamba alichoshika ni bastola kamili ya mashindano. Hicho ndicho kifaa ambacho vilabu vyetu vingeweza kununua vichache na kuvitumia kwa zamu, kila mchezaji akiwa na mpini wake aliouchonga mwenyewe.

Ombi langu kwa vyama vya shabaha vya Kenya, Tanzania na Uganda ni hilo: msitumie fedha kidogo mlizonazo kutafuta bastola zilizobanwa na mafundi wa ng'ambo. Nunueni bastola za upepo, karatasi nyingi za shabaha na uzito wa gramu 500 wa kupimia triga, kisha mwiteni mchonga vinyago aje kuwafundisha wachezaji wenu kusoma kiganja.